Mzazi ana sukari. Wewe je?

Hotuba hii niliitoa Tanga mjini katika mkusanyiko wa Siku ya Kisukari Duniani, mbele ya wazazi, vijana wao na wahudumu wa afya. Waliokosa kufika waliomba niiandike yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Naona wengi mmekuja wawili wawili, mzazi na mwanawe, na ndivyo tulivyoomba. Kwa kawaida tarehe kama ya leo, 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, huwa tunazungumza na wagonjwa. Leo nataka nizungumze na aliyemsindikiza mgonjwa. Nazungumza nawe kijana ambaye kila mwezi unakaa kwenye benchi la kliniki, umeshika kadi ya mama, unasubiri aitwe, na hakuna mtu aliyewahi kukugeukia akakuuliza: wewe je?

Una miaka 22, una miaka 25, una miaka 30. Unacheza mpira, unabeba mizigo, huumwi popote. Siku moja nesi anakuchoma kidole kwa kukuhurumia tu, mashine inasoma 5.0, anakwambia uko sawa, unaondoka na amani yako. Sikuja kuipinga ile 5.0. Ni sawa kweli. Nimekuja kukwambia kwamba kwa mtoto wa mwenye kisukari cha aina ya pili, sukari ndiyo huchelewa kupanda. Kabla yake kuna mambo yanayoanza kwenda kombo miaka mingi nyuma, na moja linaloweza kuonekana kwa kipimo cha kawaida ni mafuta yaliyomo kwenye damu.

Je, nasema haya kwa kuwatisha? Hapana. Nasema kwa sababu watu walikaa wakahesabu.

Kuna mji huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, unaitwa Framingham. Tangu mwaka 1948 watafiti wamekuwa wakifuatilia moyo na damu za wakazi wake, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Mwaka 2000 walitoa hesabu ya kisukari kizazi kwa kizazi. Ambaye mama yake ana kisukari, uwezekano wake wa kukipata ulikuwa takriban mara 3 na nusu ya yule ambaye wazazi wake wote ni wazima. Ambaye baba yake ndiye mgonjwa, karibu vilevile. Na ambaye wazazi wote wawili wana kisukari? Mara 6.

Jirani tu na hapo, Boston, watafiti wa kliniki ya Joslin walifanya jambo lililohitaji subira kubwa. Waliwakusanya watu 155 ambao baba na mama zao wote walikuwa na kisukari, lakini wao wenyewe walikuwa wazima. Wakawapima, wakawaacha waendelee na maisha, wakawafuatilia kwa wastani wa miaka 13. Watu 25 kati yao waliugua. Watafiti wakarudi kwenye vipimo vya siku ile ya kwanza, vya wakati ambapo wote walihesabiwa wazima. Wakaona nini? Wale 25 tayari miili yao ilikuwa ikiondoa sukari kwenye damu polepole, na insulini yao ilikuwa juu. Muongo mmoja hadi miwili kabla ya daktari kutamka neno kisukari!

Ndugu zangu, muongo mmoja hadi miwili. Mtoto aliyezaliwa siku ile angekuwa amefika sekondari.

Na mafuta nayo? Katika mji wa Bogalusa, Louisiana, daktari Gerald Berenson na wenzake walianza kuwafuatilia watoto wa shule miaka ya mwanzo ya 1970, wakaendelea nao hadi utu uzima. Walipowatenga wale ambao wazazi wao walikuwa na kisukari cha aina ya pili, waliona kwamba unene ulianza kuwazidi tangu utotoni, na walipofika ujanani hali yao ya mafuta, presha na insulini ilikuwa ikiharibika haraka kuliko ya wenzao. Watafiti hao hao walichunguza pia mishipa ya damu ya watoto na vijana 204, wenye umri wa miaka 2 hadi 39, waliofariki, wengi wao kwa ajali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Kadiri kijana alivyokuwa na kasoro nyingi alipokuwa hai, yaani uzito, presha, mafuta ya damu, sigara, ndivyo kuta za mishipa yake zilivyokuwa na utando mwingi wa mafuta. Hawa hawakufa kwa moyo. Walikuwa wakitembea mitaani, wazima, kama ninyi.

Sasa tuingie ndani ya mwili tuone kinachotokea, maana mtu akielewa chanzo hahitaji kusukumwa.

Insulini mnaijua kwa kazi moja, kushusha sukari. Ina kazi nyingine ambayo kliniki hatuitaji sana: ndiyo inayoamuru mafuta yakae ghalani. Mafuta tuliyojiwekea tumboni na chini ya ngozi ni ghala, na kila ukila, insulini hupita kumwambia mtunza ghala, funga mlango, chakula kimeingia, usitoe kitu. Kwa watoto wengi wa wenye kisukari, huyu mtunza ghala ana masikio mazito. Agizo limetolewa, yeye bado anatoa mafuta. Yanafuata damu hadi kwenye ini, na ini likishazidiwa huyafunga katika vifurushi na kuyarudisha kwenye damu. Mafuta yaliyobebwa humo ndiyo trigliseridi.

Vifurushi hivyo vikizidi, huanza kubadilishana mizigo na wabebaji wengine wa mafuta kwenye damu. Iko HDL, ambayo tunaiita lehemu nzuri, yaani kolesteroli nzuri, kwa kuwa husaidia kuondoa lehemu kwenye kuta za mishipa. Hiyo hubebeshwa trigliseridi na kunyang'anywa lehemu yake, na ikishabebeshwa hivyo huvunjwa na kutolewa mwilini upesi. Matokeo yake HDL inapungua. Iko LDL, lehemu mbaya. Nayo hupitia mabadilishano hayo hayo hadi chembe zake zinakuwa ndogo na nzito, na chembe ndogo hupenya ukuta wa mshipa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mambo matatu hutembea pamoja: trigliseridi juu, HDL chini, LDL ndogo ndogo.

Na sukari wakati wote huo? Iko sawa! Kwa nini iko sawa? Kwa sababu kongosho linatoa insulini maradufu ili agizo lisikike. Ile 5.0 yako inaweza kuwa imelipiwa kwa gharama usiyoiona. Kongosho likichoka, ndipo sukari inapopanda, na ndipo sisi madaktari tunapokuita mgonjwa.

Msidhani haya ni ya wanene peke yao. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Yale, Kitt Petersen na Gerald Shulman waliwachunguza vijana wembamba, wenye afya, wasiovuta sigara, watoto wa wagonjwa wa kisukari, ambao miili yao ilikuwa imeanza kuwa mizito kuitikia insulini. Ndani ya chembe za misuli yao kulikuwa na mafuta zaidi kwa takriban asilimia 80 kuliko kwa wenzao, na mitokondria zao, zile sehemu za seli zinazochoma mafuta, zilifanya kazi pungufu kwa takriban asilimia 30. Vijana wembamba. Kwa macho usingeona kitu.

Na huko Göteborg, Sweden, mwaka 1999, Mette Axelsen na wenzake waliwachukua ndugu wa damu wa wenye kisukari, wazima, sukari sawa. Asubuhi kabla ya kula, trigliseridi zao hazikuwa na tofauti na za watu wengine. Wakapewa mlo wa kawaida. Saa zikapita, mafuta ya wenzao yakashuka, yao yakabaki juu. Fikirini basi mtu anayekula asubuhi, saa nne maandazi, mchana wali, jioni chipsi, usiku tena. Damu yake inapumzika lini?

Ngoja sasa tusome karatasi ya maabara, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Nitawapa mfano, nimeutunga mwenyewe ili hesabu ionekane. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, mama ana kisukari. Wote wamepimwa lehemu ya jumla, wote imesoma 4.8, na namba zote hapa ni milimoli kwa lita. Kikomo ni 5.2, kwa hiyo wote wanaambiwa hongereni. LDL zao zote 2.9. Hongereni tena. Lakini wa kwanza HDL yake ni 1.5 na trigliseridi 0.8. Wa pili HDL yake ni 0.8 na trigliseridi 2.4. Je, hawa wako sawa? Hawako sawa hata kidogo! Trigliseridi kabla ya kula zinatakiwa ziwe chini ya 1.7. HDL inatakiwa izidi 1.0 kwa mwanamume, na 1.3 kwa mwanamke. Huyu wa pili ana picha ile ile niliyoieleza, na lehemu ya jumla imeificha.

Mbona LDL zimelingana? Kwa sababu maabara nyingi haziipimi LDL yenyewe, huikokotoa kwa kanuni ya William Friedewald na wenzake ya mwaka 1972: chukua lehemu ya jumla, ondoa HDL, ondoa trigliseridi ulizozigawa kwa 2.2. Ukiifanya mwenyewe utaona wote wawili wanaangukia 2.9. Kwa hiyo fanyeni hesabu nyingine, nyepesi zaidi: lehemu ya jumla ondoa HDL. Wa kwanza anabakiwa na 3.3, wa pili na 4.0. Hiyo ni lehemu yote iliyo kwenye chembe zinazoweza kuganda ukutani mwa mshipa. Namba hiyo mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuipata kwa kalamu, na haidanganywi na mlo wa asubuhi.

Kwa hiyo ukienda maabara usiseme napima kolesteroli. Sema nataka kipimo kamili cha mafuta ya damu, vyote vinne. Ukipewa namba moja tu, rudi uulize nyingine ziko wapi.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi wahudumu wa afya. Mengi tunayosoma kuhusu trigliseridi yametoka kwa Wazungu. Daktari Anne Sumner, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika mambo hayaendi hivyo daima. Mtu mweusi anaweza kuwa na mwili usioitikia insulini vizuri, na trigliseridi zake zikasoma sawa. Alianzia kwa Wamarekani weusi, na hali hiyo imeonekana pia Afrika Magharibi. Maana yake kwetu ni kubwa. Trigliseridi zikiwa juu, chukua hatua. Zikiwa sawa, usilale. Angalia HDL, maana katika tafiti nyingi za kusini mwa Sahara, HDL iliyo chini ndiyo kasoro inayojitokeza zaidi. Chukua tepu ya fundi cherehani upime kiuno: sentimita 94 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke, ukizidi hapo kuna jambo. Na muulize mtu habari za wazazi wake. Swali hilo halina gharama, halihitaji umeme, na bado tunasahau kuliuliza.

Lakini swali hilo linahitaji mzazi aliyesema. Wazee wangu, naomba radhi, hapa nitasema na ninyi.

Nilimhudumia mzee mmoja aliyeishi na kisukari miaka mingi bila watoto wake kujua. Insulini aliichoma chumbani mlango umefungwa. Vidonge alivitia kwenye kopo la dawa ya kichwa. Watoto walijua siku kidonda cha mguu kilipomfikisha kwenye meza ya upasuaji. Aliniambia alinyamaza kwa upendo, hakutaka kuwapa wasiwasi, na namwamini. Tulipowapima wanawe, mkubwa hakuwa amefika miaka 35, HDL yake ilikuwa chini sana, kiuno kimeshatanuka, sukari imeanza kupanda. Aliniuliza kitu kimoja tu: Daktari, mbona baba hakuniambia? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee wangu, haya maradhi ukiyaficha yanamuumbua na mwanao. Semeni. Tajeni mwaka mliogunduliwa na umri mliokuwa nao. Mama, kama ulipata sukari ya mimba ikapotea baada ya kujifungua, mwambie binti yako kabla hajashika mimba. Hiyo nayo ni habari ya ukoo.

Sasa mtasema, daktari, kama ni damu ya ukoo, tutafanya nini?

Nawauliza na mimi: damu za Watanzania zilibadilika lini? Mwaka 1989, Donald McLarty, daktari Mskoti aliyefanya kazi Muhimbili, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika mtu 1 kwa kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 kwa 100, na watu 26 kwa 100 lehemu yao imepita kikomo. Vipimo na umri havikufanana, na mijini tumezidi, nakubali. Hata hivyo, urithi wa damu haubadiliki kwa miaka 23. Kilichobadilika ni sufuria, kiti, pikipiki na chupa ya soda.

Mwaka 1964 Mmarekani George Mann alichapisha habari za Wamaasai wa Tanganyika, wanaume 400, watu wa maziwa na nyama. Ungetarajia damu iliyojaa lehemu. Akakuta lehemu iko chini, na dalili za ugonjwa wa moyo ni haba mno. Baadaye alipochunguza mioyo 50 ya Wamaasai waliofariki, alikuta mafuta yamo kwenye kuta za mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu inapita. Mann aliamini ni kwa ajili ya kutembea. Nisinukuliwe kwamba nimeruhusu nyama choma kila siku. Ninachosema ni kwamba mtu yule alitembea maisha yake yote, na sisi tunapanda bodaboda kutoka hapa hadi Ngamiani.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi na ninyi. Yale hao hao, mwaka 1996, waliwachukua watoto wazima wa wenye kisukari, miili yao mizito kwa insulini, wakawaweka kwenye mashine ya kupanda ngazi. Wiki 6. Misuli yao ikaanza kuichukua na kuihifadhi sukari vizuri zaidi sana kuliko mwanzo. Kupanda ngazi! Dawa hawakupewa. Na katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari huko Marekani, uliotolewa mwaka 2002 kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeshaanza kupanda, waliotembea kwa nguvu dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, asilimia 31. Miguu iliishinda dawa.

Kwa upande wa chakula nitasema machache, kwani mnayajua mengi. Wengi wakisikia mafuta yamezidi kwenye damu hukimbilia kuacha nyama, wakabaki na chai ya vijiko vinne. Trigliseridi hupandishwa sana na sukari, wanga uliokobolewa na pombe. Soda na juisi za pakiti ndizo za kwanza kuondoka. Dona badala ya sembe, kunde na maharage mara nyingi zaidi. Ninyi watu wa Tanga mna vibua na dagaa, samaki wenye mafuta mazuri, msiwaache mkanunua soseji. Tui liwe jepesi, na mafuta yaliyokaangiwa jana yasirudishwe jikoni leo. Sigara hushusha HDL, iache. Zile chupa zinazouzwa kwenye mabasi na mitandaoni kwamba zinasafisha mishipa, fedha hiyo nunua viatu vya kutembelea. Na kijana ambaye LDL yake itasoma 4.9 au zaidi asingoje mazoezi peke yake, aje tuonane, maana hiyo inaweza kuwa kasoro nyingine ya kurithi yenye dawa zake.

Nimemaliza. Mafundi wa maabara wameshapanga meza mbili hapo nje upande wa mwembe. Mliofunga tangu jana usiku kwa maji matupu, masaa 9 hadi 12, tangulieni. Mliokunywa chai msiondoke, lehemu ya jumla na HDL tutazipima hivyo hivyo, na trigliseridi zikisoma juu mtarudi kesho asubuhi hamjala. Kijana aandikishwe pamoja na mzazi wake, kwa sababu mstari wa kwanza wa fomu unauliza nani katika familia ana sukari na aligunduliwa akiwa na miaka mingapi, na mzazi ndiye atakayejibu. Karibuni.